Friza Isiyosikia Baridi: Uhakiki wa Istilahi za Kihisio na Jotoridi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, istilahi zetu za sayansi na ufundi zimekuwa zikipimwa zaidi mezani. Kamati hukaa, maneno huorodheshwa, yanayofaa hupitishwa na yasiyofaa huachwa. Ndivyo zilivyopatikana orodha za Tafsiri Sanifu zilizoanza kutolewa mwaka 1974, na ndivyo lilivyojengeka kundi kubwa la maneno ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyatumia leo bila kujiuliza yalitoka wapi. Kazi hiyo ni njema na hapana mtu mwenye haki awezaye kuibeza. Hata hivyo ipo meza nyingine ambayo istilahi haina budi kufikishwa, nayo ni ya fundi, palipo na kitu kilichoharibika na mwenye kitu amesimama mlangoni akingoja kuambiwa kimepatwa na nini. Neno likiwa na upungufu hapo, upungufu huo hulipwa kwa fedha.

Mfano ninaotaka kuuhakiki unatoka Karagwe, na kwa sehemu fulani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Unahusu kifaa kisichozidi ncha ya kidole kidogo, ambacho kazi yake ni kuiambia friza kuna baridi kiasi gani ndani yake. Kifaa hicho kina majina mengi mno kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo ni kana kwamba hakina jina.

Mama mdogo wangu anakaa Kayanga, makao makuu ya wilaya ya Karagwe, na kwa miaka kadhaa amekuwa akinunua sato na sangara wanaoletwa kutoka upande wa Bukoba na kuwauza mmoja mmoja nyumbani kwake. Biashara hiyo yote hukaa ndani ya friza moja yenye mlango wa juu. Msimu mmoja wa mvua friza hiyo ilianza kunguruma bila kupumzika, usiku na mchana. Samaki wakawa kama mawe, kuta za ndani zikavimba barafu, na umeme wa LUKU aliozoea kuutumia kwa siku kumi ukawa unakwisha kwa siku nne. Akamwita fundi na kumweleza shida kwa maneno haya: "Baba, friza hii haisikii baridi. Inagandisha tu, haijui kuacha."

Fundi, kijana mwenye adabu na mwenye vifaa vyake kamili, alitabasamu. "Mama, friza haisikii. Ukiona mota haipumziki, ujue gesi imepungua." Akaongeza gesi. Baada ya siku chache akaitwa tena, akaongeza nyingine kidogo. Fundi wa pili alikuja na kijitabu kilichotoka na friza hiyo kiwandani, akasoma ndani yake kwamba thamostati ndiyo iliyoharibika, akaagiza Bukoba thamostati ya kuzungusha kwa mkono, na ilipofika ikaonekana kwamba friza hiyo haina mahali pa kuitia. Wakati huo mota, ikiwa imelemewa na gesi iliyozidi, ilikuwa inapata moto, inajizima na kujiwasha, hata asubuhi moja ikanyamaza kabisa. Samaki waliokuwa wamebaki walifukiwa chini ya migomba.

Nilifika likizo wiki iliyofuata. Baada ya shikamoo na habari za safari nilikabidhiwa kijitabu kile, kwa kuwa mimi ndiye "mtu wa maneno" katika ukoo wetu.

Kijitabu hicho kimeandikwa kwa lugha saba, na Kiswahili ni ya sita. Sitamtaja mtengenezaji, maana vijitabu vya namna hiyo ni vingi na vyote vinafanana kwa makosa yao. Katika ukurasa wa picha ya sehemu za friza, kifaa tunachokizungumzia kinaitwa "sensa ya joto". Katika ukurasa wa alama zinazojitokeza kwenye kioo kidogo cha mlangoni, hitilafu ya kifaa hicho hicho inaitwa "kosa la kipimajoto". Katika ukurasa wa dhamana, kifaa hicho hicho tena kinaitwa "thamostati". Msomaji asiyekuwa na nakala ya Kiingereza hana njia ya kujua kwamba maneno haya matatu yanaelekea kwenye kitu kimoja. Fundi wa pili alikisoma kijitabu kwa uaminifu na kutenda kama kilivyomwambia. Makosa hayakuwa yake.

Ili tuone kosa lenyewe hatuna budi kueleza kwa ufupi friza inavyofanya kazi. Ndani ya friza ya siku hizi kuna kazi nne ambazo hutendwa na vitu vinne. Kwanza, kipo kinachohisi: kitone kidogo kilichofungwa ndani ya plastiki, kiitwacho thamista, ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri baridi inavyoongezeka na kushuka kadiri joto linavyoongezeka. Pili, kipo kinachoamua: bodi yenye saketi, inayosoma ukinzani huo na kuulinganisha na kiwango kilichowekwa na mwenye friza. Tatu, kipo kinachotenda: kompresa, ambayo mafundi wetu huiita mota, iwashwayo na kuzimwa kwa amri ya bodi. Nne, kipo kinachoonyesha: kioo chenye tarakimu, ikiwa friza inacho.

Katika friza za zamani, ambazo bado ni nyingi Karagwe na Kyerwa, kazi ya kwanza na ya pili zilifanywa na kitu kimoja. Kijibomba chembamba chenye gesi kiligusa ukuta wa baridi. Gesi iliposinyaa kwa baridi, shinikizo lilipungua na swichi ikaachia. Ilipopanuka, swichi ikashika. Kitu hicho kizima ndicho kilichoitwa thamostati, na kwa haki, kwa kuwa kilihisi na kuamua kwa pamoja. Ni neno lililokuwa sahihi kwa mtambo wake. Mtambo ukabadilika, kazi mbili zikatengana, na neno likabaki limezikumbatia zote mbili. Mhakiki wa istilahi asisahau jambo hili: mara nyingi neno huwa zuri siku linapoundwa, kisha kitu chenyewe hubadilika na kuliacha nyuma.

Basi kama kila moja ya kazi hizi ingekuwa na jina lake, maneno ya mama mdogo yangetosha. Mota isiyopumzika ni dalili ya magonjwa mawili yasiyofanana hata kidogo. Gesi ikipungua, mota hukimbia bila kukoma lakini friza haigandishi vizuri, samaki hulainika. Kinachohisi kikiharibika kwa namna fulani, mota hukimbia bila kukoma na friza hugandisha kupita kiasi. Samaki huwa mawe. Mwenye nyumba alikuwa ameitaja tofauti hiyo waziwazi: inagandisha tu, haijui kuacha. Na sababu aliitaja pia: haisikii baridi. Friza haikuwa na upungufu wa baridi, ilikuwa na uziwi. Fundi hakulisikia neno hilo kama neno la ufundi kwa sababu hakufundishwa neno lolote la ufundi linalofanana nalo.

Nami nasema kwamba neno la mama mdogo halikuwa tamathali tu. Kiswahili tangu zamani husema kusikia baridi, kusikia njaa, kusikia maumivu, na sikio halihusiki. Kinyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, kina kitenzi okuhurira, ambacho nacho hubeba kusikia sauti na kuhisi mwilini. Baridi, embeho, husikika kwa kitenzi hicho hicho. Mzungumzaji wa lugha hizi mbili asemapo kwamba chombo hakisikii baridi, ametenganisha kuhisi na kutenda kwa usahihi ambao kijitabu cha lugha saba kimeushindwa.

Sasa tuyachukue majina yaliyopo, moja baada ya jingine.

"Sensa" ndiyo inayoenea kwa kasi, hasa katika vijitabu vilivyotafsiriwa kwa haraka. Kasoro yake haihitaji maelezo marefu. Neno hilo lina mwenyewe. Nchi yetu imefanya sensa za watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na hapana kijiji ambacho hakijui sensa ni nini. Kumwandikia mtu kwamba friza yake ina "kosa la sensa" ni kumfanya adhani kwamba hakuhesabiwa. Wapo watakaosema kwamba lugha zote zina maneno yenye maana mbili na kwamba muktadha hutosha. Ni kweli, tunalo kaa la moto na kaa wa pwani. Lakini mkopo mpya hauna sababu ya kuingia mahali palipokwisha kukaliwa, hasa ikiwa neno la kienyeji lipo.

"Kipimajoto" ni neno zuri lililopata kazi isiyokuwa yake. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi analijua: ni kile chombo cha kioo chenye zebaki au spiriti, au cha tarakimu, ambacho mtu hukitazama na kusoma nyuzi. Kipimajoto humwambia mtu. Kifaa chetu hakimwambii mtu lolote, kinaiambia bodi. Ukikiita kipimajoto, mteja atatafuta mahali pa kusoma, na fundi atadhani kwamba kioo cha tarakimu ndicho kibovu. Hilo la pili nimelishuhudia Nkwenda, wilayani Kyerwa, ambako kioo kizima cha friza kilibadilishwa na friza ikaendelea na ugonjwa wake.

"Kitambuzi" kinapendwa na baadhi ya wafasiri vijana. Kwangu mimi neno hili linatoa sifa kubwa mno. Kutambua ni kukijua kitu kwamba ndicho. Kuna hukumu ndani yake. Polisi hutambua mwizi, mganga hutambua ugonjwa. Thamista haina hukumu. Ikiwa penye maji ya barafu hutoa ukinzani fulani, basi. Kama hiyo ni baridi inayotosha au isiyotosha, hilo huamuliwa na bodi. Tukikiita kitambuzi tumerudia kosa lile lile la thamostati, yaani kuunganisha kuhisi na kuamua, na safari hii bila udhuru.

Yamebaki "kihisi" na "kihisio", na hapa wenzangu wengi huona hapana tofauti ila ya ladha. Mimi naiona. Viambishi vyetu vya kuunda majina havikuwekwa ovyo. Kutokana na chuja tunapata chujia, na kutokana na chujia kichujio, yaani kitu cha kuchujia: mchujaji ni mtu, kichujio ni chombo chake. Vivyo hivyo hisi, hisia, kihisio: kitu cha kuhisia. Anayehisi, kwa maana ya kupokea habari na kuitumia, ni friza nzima ikiongozwa na bodi yake. Kitone kile ni chombo tu ambacho kwacho huhisia. Umbo "kihisio" linayasema hayo yote kwa silabi nne, nalo hukubali kuongezewa bila kulemewa: kihisio cha hewa, kihisio cha bomba, kihisio cha unyevu, kihisio cha moshi. Wingi wake, vihisio, hautatizi. Kuhusu asili ya hisi kuwa ni ya Kiarabu, hoja hiyo haina uzito. Neno limekwisha kuwa letu na lina watoto.

Nilivutwa pia na "kisikio", kwa ajili ya mama mdogo na kwa ajili ya okuhurira. Nililibeba neno hilo siku kadhaa. Lakini katika maandishi linakaribiana mno na sikio, na yumkini msomaji wa maelezo ya redio au simu angelielewa kuwa ni kitu cha kusikilizia sauti. Nimeliacha, si kwa furaha. Nitalirudia kidogo mwishoni.

Kwa kinachoamua napendekeza "kidhibiti", au kwa urefu "kidhibiti jotoridi", na thamostati ibaki kuwa jina la kile chombo cha zamani cha kijibomba na swichi, ambacho bado kipo sokoni na kinahitaji jina. Kwa kinachoonyesha, "kionyeshi" kinatosha. Kompresa naiacha kama ilivyo. Mafundi watasema mota, nao wana haki, kwa kuwa mota imo ndani yake.

Ama neno "kosa" katika "kosa la kipimajoto", hilo ni tafsiri ya kichwa kwa kichwa. Kosa hutendwa na mwenye akili. Chombo hupata hitilafu, au huwa kibovu. Mafundi wa Kayanga hawajawahi kusema kwamba friza imekosa.

Limebaki jambo ambalo naliona zito kuliko yote, nalo ni neno joto lenyewe.

Vitabu vyetu vya sayansi vina maneno mawili ya kueleza kiwango cha joto au baridi ya kitu: halijoto na jotoridi. La pili limeunganishwa kutokana na joto na baridi, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya maneno yaliyobuniwa kwa akili nyingi na kutumiwa kwa uchache mno. Wengi huliona la kitabuni. Redio husema nyuzi joto, kijitabu cha friza husema joto, na watu wameridhika. Ukizungumzia hali ya hewa ya Dodoma hapana madhara. Uingie ndani ya friza uone madhara yake. Kidude cha kuzungusha cha thamostati ya zamani kina tarakimu, aghalabu 1 hadi 7, na katika friza na friji nyingi tarakimu kubwa maana yake ni baridi kali zaidi. Mfasiri akaandika pembeni yake: "kiwango cha joto". Mwenye nyumba mwenye akili timamu, akitaka baridi iongezeke, atazungusha kuelekea 1, kwa kuwa anataka joto dogo. Nyama inaoza, naye atalaumiwa kwa kutokujua kusoma, hali yeye ndiye aliyesoma maneno kama yalivyo.

Kwa nyama ya nyumbani hasara hiyo ina mpaka. Lakini maneno hayakai nyumbani. Mtu huyo huyo huenda ni mhudumu wa zahanati, na asubuhi hufungua friji ya chanjo. Chanjo nyingi hazina budi kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Baadhi yake, kama ile ya homa ya ini aina ya B na zile zenye kinga ya pepopunda, huharibika zikiganda, na kuharibika huko mara nyingi hakuonekani kwa macho. Mtoto atachomwa sindano na kupewa tarehe ya kurudi, na kinga asiipate. Mhudumu hutakiwa kuandika jotoridi kwenye karatasi kila siku, asubuhi na jioni. Je, akiambiwa na msimamizi kwa simu kwamba "joto la friji lipunguze kidogo", atazungusha upande upi? Na akiandika "joto: 3" pasipo alama ya hasi, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba joto linaweza kuwa chini ya sifuri, nani atajua kwamba dawa zilikwisha kuganda? Ndugu zangu watumishi wa serikali mnaoandika fomu na nyaraka za namna hii, nawaomba mlitazame neno hili. Katika maandishi na iwe jotoridi, na kila kidude cha kuzungusha kiandikwe kwa neno ambalo tarakimu zake huliongeza: ikiwa 7 ni baridi kali, basi na kiandikwe "baridi". Mtu atauliza kama fizikia inakubali kuwa baridi ni kitu kinachoongezeka. Haikubali. Lakini kidude hicho hakikuwekwa pale kwa ajili ya fizikia.

Nimesema kwamba istilahi hupimwa mahali penye kitu kibovu. Basi nami niyapime maneno yangu. Hapa chini nimeandika namna ya kukichunguza kihisio cha friza, kama tulivyofanya Kayanga pamoja na fundi wa kwanza, ambaye kwa hiari yake alirudi na mita yake ya umeme aliposikia tumeifungua friza. Nimesema kukichunguza kwa makusudi. Wapo wanaotaka kuagua, lakini kuagua kuna ramli ndani yake, na ramli ndiyo tuliyokwisha kuifanya mara mbili kwa gesi.

Toa plagi ukutani. Fuata waya mbili nyembamba kutoka ukuta wa ndani mpaka kwenye bodi, kisha chomoa kichwa chake, kwa sababu ukipima kihisio kikiwa bado kimeungana na bodi utakuwa unapima vyote viwili. Chukua glasi, ijaze barafu iliyopondwa, tia maji kidogo, koroga, ngoja dakika kadhaa. Mchanganyiko huo una jotoridi ya nyuzi 0, na utabaki hapo maadamu barafu haijakwisha. Tumbukiza kihisio, subiri mpaka tarakimu za mita zitulie, soma ukinzani. Mwalimu mmoja alishauri tupime pia kwa maji yanayochemka ili tupate nyuzi 100. Ushauri huo haufai kwetu. Kwenye nyanda za juu kama hizi maji huchemka kabla ya kufika hapo. Kwenye kimo cha mita 1,500 ni nyuzi 95 hivi. Barafu haijali sana kimo, na ndiyo maana tunaiamini.

Kihisio cha aina ile, kikiwa kizima, huwa na ukinzani wa kilo-omu 10 kwenye nyuzi 25. Kwenye barafu hupanda mpaka 33 hivi, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ambako friza hutakiwa kufanya kazi, hupita 80. Chetu kwenye barafu kilitoa 14. Yaani kilikuwa ndani ya barafu na kudai kwamba kipo penye nyuzi 17, asubuhi ya kawaida ya Karagwe. Tulipokipasua tuliona ukungu wa maji ndani ya plastiki: unyevu ulikuwa umeingia kwenye ufa na kuupa umeme njia ya mkato, hivyo ukinzani ukawa mdogo daima. Hata kwenye baridi ya mwisho kisingefika 20. Bodi, ikitii ilichoambiwa, iliendelea kuamuru mota ifanye kazi. Friza ilikuwa haisikii baridi.

Kuna uharibifu wa upande wa pili, na ni wa hila zaidi. Kutu ikiingia kwenye kiungo cha waya, ukinzani huongezeka badala ya kupungua. Kihisio hudai kuna baridi kali ambayo haipo, bodi huizima mota mapema, na samaki hulainika. Hapo, kwa upande wa samaki, dalili hufanana na ya gesi iliyopungua, ila mota hupumzika, na fundi asiyeisikiliza mota huweza kukisia vibaya. Waya ikikatika kabisa, ukinzani hauna mwisho: bodi nyingine huonyesha alama ya hitilafu, nyingine hudhani kuna baridi isiyo na kifani na kunyamaza. Tuliyaeleza haya yote kwa Kiswahili kwa muda usiozidi nusu saa, tukitumia maneno kihisio, kidhibiti, ukinzani na jotoridi, na hapana mtu aliyeomba neno la Kiingereza, isipokuwa mjukuu wa kidato cha pili aliyetaka kujua yataitwaje kwenye mtihani. Swali lake lina haki, na sina jibu la kumpa linaloweza kupita nje ya sera ya elimu.

Kihisio kipya kilipatikana kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya, ambayo pia ilibidi inunuliwe kwa sababu ya gesi ile.

Miezi michache baadaye nilipita Murongo, mpakani na Uganda, nikaenda kumwona fundi mwingine niliyekuwa nimesikia sifa zake. Ana daftari la shule ambamo huandika kila friza aliyoipima: tarehe, kijiji, tarakimu ya kwenye barafu, na aliyoyakuta. Juu ya safu ya ukinzani ameandika kwa wino mwekundu: "SIKIO". Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha neno hilo. Akashangaa swali lenyewe. "Mzee, wateja ndio husema. Wanasema friza imekuwa kiziwi. Sasa mimi nipime nini kama si sikio?"

Nilimweleza kuhusu kihisio, na juu ya chujia na kichujio. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akanipa kalamu ile nyekundu niandike mwenyewe. Nililiandika pembeni ya la kwake, kwa herufi ndogo, na la kwake sikulifuta.